Tairi la mbele kulia linacheza, tairodi mpya na bado. Nitajuaje ni nini kabla sijanunua spea nyingine?

Mjukuu_wa_Babu

Wakuu habari zenu. Naleta tatizo ambalo limeshanila spea mbili na wikiendi tatu.

Gari ni steshenwagoni ya mwaka 1991, injini mbele, inasukumwa na magurudumu ya nyuma, gia za mkono. Babu yangu aliniachia. Alilitunza kuliko alivyojitunza mwenyewe, ila miaka yake minne ya mwisho lilisimama zaidi kuliko lilivyotembea. Odomita inasoma kilomita 214,000 na imeganda hapo, kwa hiyo msinihukumu kwa namba hiyo.

Dalili ni hizi. Kuanzia kilomita 60 kwa saa usukani unatetemeka na gari linatafuta njia lenyewe, nalishika huku, linakwenda kule. Si ule mtetemo wa tairi lisilobalansiwa, huo naujua, unakuja kwenye spidi fulani na ukiipita unaondoka. Huu ukija umekuja. Nikipita kwenye mashimo kuna mgongano wa chuma upande wa kulia, ngo-ngo, ngo-ngo. Kona ndefu ya kushoto nasikia mngurumo kama wa jiwe la kusagia, ya kulia unatulia.

Halafu kuna hili ambalo kila ninayemweleza ananitazama kama nimelitunga: nikitoka kwenye njia mbaya, pedali ya breki mara ya kwanza inazama karibu na sakafu. Nikiiachia na kukanyaga tena, iko juu na ngumu kama kawaida. Mafuta ya breki hayapungui hata tone.

Fundi wa kwanza alishika tairi, akalitikisa, akasema tairodi, ile fimbo inayounganisha steringi na gurudumu. Tukabadilisha ncha zote mbili, tukafanya alaimenti. Siku mbili nikaona nafuu, au tuseme niliitamani nafuu hiyo nikaiona. Fundi wa pili kasema bolijointi, kile kiungo cha duara kinachoshika gurudumu kwenye mkono wa chini. Jamaa wa kazini kasema shokapu. Nimegundua kila mtu anataja spea aliyowahi kubadilisha kwenye gari lake.

Nina jeki, stendi mbili, spana ya magurudumu, mtarimbo wa futi tatu hivi, na mdogo wangu wa kike ambaye yuko tayari kukanyaga chochote mradi aelezwe kwa nini. Kuna namna ya kupima ikaniambia ukweli?

Nati_Tano

Usicheke. Umeshakaza nati za gurudumu lenyewe?

Mimi niliwahi kubadilisha beringi nzima kwa kelele ya namna hiyo, nikarudisha tairi, kelele ikarudi nalo. Kumbe nilikuwa nimeweka rimu za alumini nikatumia nati za rimu za chuma. Kichwa cha nati kina mteremko wa aina moja, tundu la rimu lina mteremko wa aina nyingine, kwa hiyo nati inakaza lakini inagusa kwenye ukingo mwembamba tu. Baada ya siku chache imelegea.

Kaza kwa mtindo wa nyota, si kwa kuzunguka duara, na kama una spana ya toki (inayopima nguvu ya kukaza) magari mengi madogo yanataka kati ya Nm 80 na 120. Halafu tembea kilomita 50 mpaka 100 ukaze tena. Ukivua tairi angalia matundu ya rimu: yakiwa yamekuwa mayai badala ya duara, rimu hiyo imekwisha, usiifunge tena. Na kwangua kutu pale rimu inapokutana na habu (kitovu kinachobeba gurudumu), kutu ikisagika katikati nati zinalegea zenyewe.

Kaza_Twende

Gari la 91 la kusukumwa nyuma, beringi za mbele ni za kurekebisha hizo. Toa kifuniko cha grisi, kaza nati ya katikati mpaka tairi litulie kabisa, rudisha kifuniko. Dakika kumi. Watu mnapenda kuandika insha.

Mzee_Grisi

Kaza_Twende, kijana wangu, nusu ya kwanza umesema kweli. Nusu ya pili ndiyo iliyonilisha mimi miaka mingi, maana waliokaza "mpaka tairi litulie kabisa" walikuwa wanarudi kwangu na habu imebadilika rangi kuwa bluu. Beringi ya koni, yaani yenye rola zilizolala kwa mteremko, ukiibana inajipika. Inachemsha grisi, grisi inayeyuka na kutoka, chuma kinakula chuma, na mara nyingine inang'ang'ania kwenye mhimili wake ukiwa barabarani. Na kibaya zaidi, ukikaza kabla hujapima, umeficha ushahidi. Tairi limetulia, sawa, lakini lilikuwa linacheza kwa sababu gani? Hujui.

Sasa wewe Mjukuu. Kabla ya kushika chochote: gari kwenye sakafu ngumu na tambarare, handibreki juu, vizuizi nyuma ya magurudumu ya nyuma, legeza nati robo mzunguko tairi likiwa bado chini kama utalivua. Ukishainua, stendi iingie chini ya chasisi na gari likae juu ya stendi, si juu ya jeki. Utakuwa unalitikisa gari hili kwa nguvu zako zote. Jeki haikutengenezwa kwa ajili ya kutikiswa.

Acha tairi lining'inie. Vitabu vya ufundi husema shika tairi saa kumi na mbili na saa sita. Vijana niliokuwa nawafundisha walikuwa wanabishana: saa sita yetu sisi iko juu na saa kumi na mbili iko chini, sasa mkono upi uende wapi? Nikawaambia bishaneni mpaka jioni, mikono itabaki kuwa mmoja juu na mmoja chini. Vuta juu huku unasukuma chini, kisha kinyume chake. Usitikise haraka haraka kama unakung'uta mkeka. Polepole, kwa uzito, usikilize kwa viganja. Ukisikia "tk" ndogo, au ukaona tairi linainama na kurudi, kumbuka kiasi chake.

Sasa mwite mdogo wako. Apige pedali mara mbili tatu mpaka iwe ngumu, halafu aishikilie chini kwa nguvu. Wewe tikisa tena vilevile, mkono juu, mkono chini.

Hapo ndipo jibu lilipo, na mafundi wako wote wawili wameliruka. Breki ikishikwa, pedi zinabana diski, diski imefungwa kwenye habu, kalipa (kile kinachoshika pedi) imefungwa kwenye kile chuma kinachobeba habu. Kwa hiyo habu na mbebaji wake vinakuwa kitu kimoja, na beringi iliyo katikati yao haina tena nafasi ya kucheza. Mchezo ukifa breki ikishikwa, ni beringi. Mchezo ukibaki, beringi haihusiki na huo uliobaki, tafuta nje yake: bolijointi ya chini, shokapu iliyolegea kwenye shingo yake, bushi (mipira ya viungo) za mkono wa chini, kile chuma kinachounganisha gurudumu na chasisi.

Baada ya hapo hamisha mikono, kushoto na kulia. Hapa steringi inaingia kwenye hesabu, kwa hiyo mchezo unaweza kuwa tairodi, au beringi tena. Rudia na breki. Beringi mbovu inacheza pande zote, juu na chini, kushoto na kulia. Tairodi mbovu inacheza kushoto na kulia tu. Fundi wako wa kwanza naamini alishika kushoto na kulia peke yake, akasikia mchezo, akataja tairodi. Hakukudanganya, aliishia nusu ya kazi.

Na ile pedali inayozama, hukutunga. Habu ikiwa legevu, diski inayumba, na kila inapoyumba inazisukuma pedi na pistoni zirudi ndani ya kalipa. Ukikanyaga mara ya kwanza mafuta yanafanya kazi ya kuzirudisha tu, mara ya pili ndiyo yanabana. Ukiniuliza mimi, dalili hiyo peke yake imeshanionyesha pa kuanzia. Lakini pima, usiniamini.

Dada_Spana

Naongeza mawili kwa aliyosema mzee, maana mimi nafanya zaidi magari yanayovutwa na magurudumu ya mbele na huko mambo yanatofautiana kidogo.

Mngurumo wako kwanza. Ukikata kona ya kushoto uzito wa gari unalala upande wa kulia, beringi ya kulia inabebeshwa, inalalamika. Kwa hiyo kelele ya kona ya kushoto mara nyingi ni beringi ya kulia. Usichanganye na tak-tak-tak ya siviijointi (kiungo cha shafti inayozungusha magurudumu ya mbele), hiyo huja ukiwa umekata usukani sana huku unatia mafuta, na gari lako halina siviijointi mbele hata kama ungetaka. Kuna kijanja kingine: tairi likiwa hewani weka kiganja juu ya springi, mwingine azungushe tairi kwa mkono. Beringi iliyochimbika utaihisi kwenye springi kama kokoto zinapita, hata kama sikio halisikii kitu. Springi haizunguki, kwa hiyo vidole vyako viko salama, ila usivae mikono mirefu inayoning'inia.

Pili, bolijointi. Msiidharau kwa sababu tumeshaipenda beringi. Niliwahi kupokea gari ambalo kwa mikono halikuonyesha kitu, tairi limetulia tuli. Nikaingiza mtarimbo kati ya mkono wa chini na chuma kinachobeba habu, nikainua kidogo: bolijointi ikatoka kwenye nyumba yake karibu upana wa kidole kidogo. Mwenye gari alikuwa anasubiri nje nimrudishie funguo aondoke. Bolijointi ikichomoka, tairi linalala kwa nje na gari linakaa chini, na mara nyingi linafanya hivyo unaporudi nyuma au unapokata usukani sana. Omba iwe hivyo na si kwenye spidi.

Kwako, shokapu na springi vikiwa kitu kimoja kilichosimama mpaka juu kwenye bodi, bolijointi ya chini haibebi uzito wa gari, kwa hiyo tairi linapaswa kuning'inia huru unapoipima. Ungekuwa na springi inayokalia mkono wa chini ningekwambia uweke jeki chini ya mkono huo karibu na tairi, maana springi ikiisukuma bolijointi inaifanya ionekane nzima wakati imekufa. Watu wengi wanapimia vibaya hapo.

Na angalia mpira wake. Mpira uliopasuka maana yake grisi imetoka na mchanga umeingia, hata kama leo bado haichezi.

Mjukuu_wa_Babu

Shikamoo Mzee_Grisi, asante Dada_Spana. Nimefanya leo asubuhi, naripoti kama nilivyoona.

Nati za gurudumu zilikuwa zimekaza, matundu ni duara. Nati_Tano sijacheka.

Juu na chini: linacheza. Si kidogo. Tairi lilipoinama nilisikia "tk" mpaka mdogo wangu aliyekuwa ndani ya gari akauliza nimevunja nini. Akapiga pedali, ya kwanza ikazama, ya pili ikawa ngumu, akashikilia. Nikatikisa. Kimya. Nikatikisa kwa nguvu zaidi, gari zima likasogea kwenye stendi kidogo nikaacha, lakini tairi halikucheza hata unywele. Akaachia, "tk". Akashika, kimya. Tumerudia kama mara sita, si kwa sababu ya shaka, ni utamu tu wa kuona kitu kinajibu swali.

Kushoto na kulia: linacheza pia. Breki ikishikwa mchezo mkubwa unakufa, lakini unabaki mdogo, laini, hauna "tk", una kitu kama mpira. Huu sikuuelewa.

Mtarimbo kwenye bolijointi: hakuna kitu, na mpira wake ni mzima. Kiganja kwenye springi: kokoto, dada, kokoto kabisa.

Upande wa kushoto wa gari, juu na chini kuna mchezo mdogo mno, nadhani nisingeuona kama nisingekuwa nautafuta.

Mzee_Grisi

Marahaba mwanangu. Kazi safi.

Kulia ni beringi, hapo tusijadiliane tena. Kushoto, mchezo mdogo mno kwenye beringi ya koni ni halali. Beringi hizi huachiwa nafasi ya kupumua zikipata joto, takriban sehemu ya kumi ya milimita au chini ya hapo, na kwenye ukingo wa tairi unauona umekuzwa mara kadhaa kwa sababu tairi ni pana na beringi ni ndogo. Angekuwa mtu wa Dada_Spana, mwenye gari la kuvutwa mbele na beringi iliyofungwa kiwandani, ningemwambia mchezo wowote ule ni beringi iliyokufa. Kwako si hivyo. Ila kushoto nako ufungue utie grisi mpya ukiwa umeshachafuka.

Ule mchezo wa mpira wa kushoto na kulia: gari lako kwa umri wake litakuwa na boksi la steringi, si raki. Boksi linakaa upande mmoja, na upande wa pili kuna mkono unaofanana na wa boksi lakini hauna boksi, umeshikwa na bushi tu kwenye chasisi. Mafundi wanauita aidla. Rudisha tairi chini, mdogo wako ayumbishe usukani kidogo kidogo kushoto na kulia injini imezimwa, wewe angalia mkono ule. Ukipanda na kushuka badala ya kwenda pembeni tu, bushi zake zimekwisha. Usijali sana, si hiyo inayokutetemesha, lakini inachangia gari kutafuta njia.

Sasa fungua habu ya kulia. Kalipa ining'inize kwa waya, usiiache ining'inie kwenye bomba lake la mpira. Toa kifuniko cha grisi, na kabla hujagusa nati angalia kotapini, ile pini inayozuia nati isijifungue. Niambie ulichokiona.

Mjukuu_wa_Babu

Mzee, hakuna kotapini. Kuna msumari. Msumari wa mbao, umekunjwa.

Nati nimeitoa kwa vidole. Sikutumia spana.

Beringi ndogo ya nje imetoka yenyewe, grisi yake nyeusi na nyepesi kama mafuta ya injini. Beringi ya ndani, kikombe chake (pete ya nje ambayo rola hutembea ndani yake) kilichobaki kwenye habu kina vishimo upande mmoja kama ngozi ya mtu aliyeugua ndui, na rola zake mbili tatu zina rangi ya bluu. Nimepitisha ukucha kwenye mhimili, ni laini, isipokuwa mstari mmoja mwembamba ambao ukucha unauhisi lakini haukwami.

Aidla pia nimeiangalia. Inapanda na kushuka kama inaitikia.

Nimekumbuka kitu. Babu alikuwa akisema gari hili lilitiwa grisi ya mbele "na mtu mmoja" njiani, alipokuwa anarudi safari, mwaka wake wa mwisho wa kuendesha. Alikuwa anamsifu kwa haraka yake.

Kaza_Twende

Daah. Nati kwa vidole.

Nakubali nimekosea, ila mniruhusu kuuliza: kama angekaza tu kama nilivyosema, ingetokea nini hasa? Kwa sababu mimi langu nilikaza hivyo na linatembea.

Dada_Spana

Kwa kikombe chenye vishimo hivyo, mchezo ungepotea siku hiyohiyo na mngurumo ungebaki. Angekuja hapa kuuliza kwa nini tairi halichezi na bado linanguruma, tukaanza kutafuta tairi lililochakaa, difu, chochote. Baada ya wiki chache vishimo vinaongezeka, vumbi la chuma linaingia kwenye beringi ya nje nayo inachimbika, mchezo unarudi.

Lako likague leo. Endesha kilomita ishirini bila kubana breki sana, simama, sogeza kiganja karibu na habu zote mbili kabla ya kugusa. Moja ikiwa ya moto kuliko mwenzake, umeibana.

Mzee_Grisi

Huo mstari kwenye mhimili ni sawa, ukucha haukwami. Ungekwama ningekwambia tafuta mhimili mwingine.

Nunua beringi zote mbili za kulia, ya ndani na ya nje, na vikombe vyake, na oili sili mpya (mpira unaozuia grisi isitoke), na kotapini. Usichanganye koni mpya (pete ya ndani na rola zake) na kikombe cha zamani hata kama kinang'aa. Vilizoeana na wenzao.

Vikombe vya zamani unavitoa kwa kugonga kutoka nyuma kwa fimbo ya shaba, huku na huku, visipinde. Vipya unavipeleka vilevile kwa shaba, kamwe usigonge kwa chuma kigumu kwenye uso ambao rola zitatembea. Kikombe kikifika mwisho mlio wa nyundo unabadilika. Mwanzo unalia "dap, dap", kikikaa unalia "ting". Usiache kugonga mpaka usikie huo wa pili pande zote. Kikombe kisichofika mwisho kitafika chenyewe barabarani, na hapo utakuwa na tairi linalocheza tena na utanitukana mimi.

Grisi iwe ya beringi za magurudumu, ya kuvumilia joto. Osha ya zamani yote, usiichanganye na mpya. Weka donge kwenye kiganja, ikandamize koni kwenye donge mpaka grisi itokee upande wa pili kati ya rola, zungusha, endelea. Hii huwezi kuifanya ukiwa na haraka, na sidhani kama yule mtu wa njiani aliifanya. Sili mdomo wake uangalie ndani, kwenye grisi. Kifuniko usikijaze pomoni, grisi ikipanuka inatafuta njia, na njia yake ni kwenye pedi za breki.

Kurekebisha sasa. Kaza nati kwa spana huku unazungusha habu kwa mkono mwingine, mpaka uhisi inakuwa nzito. Kwa spana ya toki ni kama Nm 25. Lengo ni rola zikae mahali pake, si kubana. Kisha legeza nati kabisa. Kisha kaza kwa vidole tu, mpaka vidole vikomee. Kama tundu la kotapini halilingani, rudi nyuma mpaka linalofuata, usiende mbele. Kitabu cha gari lako kikisema vingine, fuata kitabu, maana magari mengine hutaka beringi ibanwe kidogo kwa kipimo na huwezi kukisia kipimo hicho kwa kidole.

Kotapini mpya, ikunje. Msumari mpelekee seremala.

Nati_Tano

Na baada ya yote hayo kaza nati za gurudumu. Nasema tu.

Mjukuu_wa_Babu

Nimemaliza jana usiku, nimechelewa kuandika kwa sababu nilikuwa naendesha.

Kikombe cha ndani kililia "dap" muda mrefu mpaka nikadhani mzee alikuwa ananitania, halafu kikalia "ting" na nikakirudia upande wa pili ili nisikie tena. Kotapini haikulingana, nikarudi nyuma tundu moja. Mdogo wangu ndiye aliyekunja, anasema ni haki yake baada ya kukanyaga pedali siku nzima. Kushoto nako nimefungua, beringi nzima, kotapini halali, nimetia grisi mpya tu.

Kilomita 80 kwa saa usukani umetulia. Kona ya kushoto kimya. Nilipita makusudi kwenye kipande kibovu zaidi ninachokijua, nikakanyaga breki: pedali ya kwanza iko juu. Hilo ndilo lililonifurahisha kuliko yote.

Bado linatafuta njia kidogo, kidogo sana. Bushi za aidla nimeagiza. Tairodi mbili za zamani nimezipima leo mezani, moja ni nzima kabisa, nimeifuta na kuiweka kwenye boksi la babu pamoja na vitu vyake vingine ambavyo huenda vilikuwa vizima pia.

Mzee_Grisi

Ukifika kilomita 100 simama, gusa habu. Halafu inua tairi ulitikise tena, breki ikiwa huru. Vikombe vipya hujikalisha kidogo mwanzoni.

Mjukuu_wa_Babu

Kilomita 112. Kulia vuguvugu, kushoto vuguvugu. Juu na chini, mchezo mdogo mno, sawa na wa kushoto. Kotapini iko palepale.